Kijiji kilichojijengea jukwaa

Ukifika Kinoru mjini Meru huwezi kuukosa ule uwanja mkubwa. Ulikarabatiwa, na tarehe 1 Juni 2018 taifa zima likautazama wakati wa sherehe za Madaraka. Hebu sasa fikiria uwanja wa aina nyingine kabisa: jukwaa la mbao lisilo na paa, katika kijiji cha watu maskini, na waliolijenga si serikali wala mwanakandarasi bali ni wanakijiji wenyewe. Jukwaa hilo lilikuwa Kamirithu, Limuru, kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Halikudumu hata miaka mitano. Je, kikundi cha vibarua na wakulima kiliwezaje kuitia serikali tumbo joto?

Kamirithu ni kijiji kilichozaliwa wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950, wakoloni walipowakusanya watu mahali pamoja ili wasiwapelekee Mau Mau chakula. Familia nyingi za Meru na Embu zinaijua habari hiyo vizuri, kwa maana nazo zilihamishwa hivyo hivyo. Waulize nyanya na babu, kama bado unao.

Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji hicho alibisha hodi kwa mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa akifunza Chuo Kikuu cha Nairobi. Alimwambia kwamba wamesikia ana elimu nyingi na anaandika vitabu. Mbona asiwagawie wanakijiji kidogo? Mama huyo hakukata tamaa. Alirudi juma lililofuata, na lililofuata tena, hadi mwandishi akakubali. Kwa maoni yangu historia ya kikundi hiki ingeanza kwa huyo mama, si kwa profesa, lakini vitabu vingi humpa mistari miwili tu.

Kazi ilianza na kisomo cha watu wazima, kikiongozwa na Ngugi wa Mirii. Kisha wanakijiji wakasema wanataka mchezo wa kuigiza, na wanautaka kwa Kikuyu. Ndipo akina Ngugi hao wawili wakaandika Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Ni habari ya Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, ambaye hati ya shamba lake imetundikwa ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri wake, Ahab Kioi wa Kanoru, analitamani shamba hilo. (La, msomaji wa Kinoru, huyo si mtu wenu, majina yanafanana tu!) Mwishowe Kiguunda anachukua mkopo wa benki kwa ajili ya harusi ya kanisani, na hati inakwenda.

Lakini jambo jipya hasa halikuwa hadithi, bali namna walivyofanya kazi. Katika michezo ya mjini, mazoezi hufanywa mlango ukiwa umefungwa, na mtazamaji huona kazi iliyokamilika. Kamirithu mazoezi yalifanyika uwanjani, Jumamosi na Jumapili, mbele ya yeyote aliyepita njia. Wapita njia hao hawakunyamaza. Kibarua wa mashamba ya chai alimsahihisha mwigizaji: tajiri hazungumzi nasi hivyo. Mzee alikataa maneno ambayo kijana hawezi kumwambia mtu wa rika la baba yake. Mama mzee asiyejua kusoma ndiye aliyewapa maneno ya gitiiro, wimbo wa wanawake wa sherehe za arusi, ambao wasomi hawakuujua. Wafanyakazi wa viwandani walikaa chini na kupiga hesabu ya mshahara wao dhidi ya faida ya kampuni, na hesabu hiyo ikaingia katika mchezo. Muongozaji, Kimani Gecau, alikuwa na waongozaji wasaidizi kijiji kizima.

Jukwaa nalo lilianza kama mfano wa vijiti vya kiberiti uliopangwa ardhini. Lilipokamilika, viti vyake vilitosha watu zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walimiminika kutoka mbali. Tarehe 16 Novemba, leseni ya kukusanyika ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, na alikaa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Ajabu ni kwamba vitabu vyake vya Kiingereza, vyenye ukali ule ule, havikuwa vimempeleka jela. Kilichogutua wakubwa ni mchezo ambao mpishi wao na dereva wao wangeuelewa.

Kikundi kilijaribu tena na Maitu Njugira, chenye nyimbo za makabila kadhaa ya Kenya. Februari 1982 kilifungiwa milango ya Jumba la Kitaifa la Sanaa, kikahamishia mazoezi Chuo Kikuu, na maelfu wakaja kutazama mazoezi hayo. Machi 1982 askari wakaenda Kamirithu kwa malori na kulibomoa jukwaa. Ngugi wa Mirii na Gecau walikimbilia Zimbabwe, ambako waliendelea na sanaa ya vijijini. Ngugi wa Thiong'o alikwenda uhamishoni na akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Mahali pa jukwaa pakajengwa chuo cha ufundi cha vijana.

Usidhani ni mambo ya Limuru pekee. Sheria ile ile ya leseni ilimbana kila mtu nchini, Meru ikiwemo, hadi mabadiliko ya 1997. Na nyinyi wanafunzi mnakumbuka Aprili 2025, wasichana wa Butere walipokwenda Nakuru na mchezo wa Echoes of War: mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza, lakini polisi walirusha vitoa machozi, nao wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka.

Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani Nairobi Mei 2022, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na hakuna aliyezuiwa mlangoni. Ukiipata tafsiri ya Kiswahili, jaribuni kuisoma nyumbani kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Mwachie baba sehemu ya Kioi, halafu msikilize kama atakubali.