Turkana: Sifuri Nayo Huandikwa

Sisi wa pwani tukisikia Turkana, akili hukimbilia njaa na mizoga ya mifugo. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi nilipopata safari ya Lodwar, kisha nikaendelea hadi Kakuma, kilomita mia na ushei mbele. Nimerudi na habari ya ajira, ajira ya watu wanaopima.

Tuanze na mvua. Lodwar kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa. Kila siku saa tatu asubuhi kipimo cha mvua husomwa. Mji ule hupata kama milimita 200 kwa mwaka mzima, kwa hivyo siku nyingi jibu ni sifuri. Lakini sifuri nayo huandikwa. Ikiandikwa tunajua hakukunyesha. Ukurasa ukiachwa mtupu, hatujui lolote. Wataalamu huhesabu wastani wa hali ya hewa kwa miaka 30, yaani umri wa kazi wa mtu mmoja.

Kisha kuna waangalizi wa mashinani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Hawa huzunguka kwenye maboma kuuliza: maziwa yamepatikana kiasi gani? Maji yako umbali gani? Mbuzi mmoja ananunua mahindi kiasi gani? Mikono ya watoto wadogo hupimwa kwa utepe kujua utapiamlo. Majibu hayo yakiunganishwa na picha za setilaiti za majani na malisho, hutoka taarifa ya kila mwezi inayosema kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura, au inaanza kupata nafuu. Tusidhani ni ya wenzetu tu. Tana River, Kilifi, Kwale, Lamu na Taita Taveta ziko katika mpango huo huo.

Faida yake ni nini? Zamani wafugaji wa Turkana walilaumiwa kwamba mifugo yao mingi ndiyo inayoleta jangwa. Watafiti wakakaa kusini mwa Turkana miaka kadhaa, wakisaidiwa na wenyeji, wakifuata mifugo, malisho na mvua. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift wakachapisha walichokiona: ukame wa mara kwa mara ndio unaopunguza mifugo, na kuhamahama ni akili ya kuishi na ukame huo. Mfugaji aliondolewa lawama na daftari lililojazwa kwa subira.

Kakuma nako, kambi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992, watu hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa karibu na mto Tarach, ambao muda mwingi ni mchanga mtupu. Lazima awepo mtu wa kupima maji yameshuka kiasi gani chini.

Hapo ndipo nilipokutana na kijana aliyewahi kufanya kazi hiyo chini ya mradi mmoja. Kandarasi ilikuwa ya miezi, ikaisha, haikurudi. Sasa anaendesha bodaboda, na madaftari yake yako ndani ya gunia nyumbani. "Hakuna aliyekuja kuyauliza," aliniambia. Wallahi neno lile lilinichoma. Setilaiti yaweza kununuliwa mwakani. Maji ambayo hayakupimwa leo hayapimiki kesho.

Wengi katika kazi hizi huishi hivyo, kwa posho na kandarasi fupi. Ripoti ikitoka, jina la mtaalamu liko juu, na la aliyetembea juani halimo. Rai yangu kwa kaunti, zao na zetu: wapimaji waajiriwe kwa kudumu, wapate ngazi ya kupandia kutoka cheti hadi diploma na zaidi, na madaftari yatunzwe mahali pamoja.

Nanyi vijana wetu, msizidharau kazi hizi. Mimi mwenyewe ni mtu wa diploma, najua inavyofungua mlango. Hali ya hewa, maji, malisho, samaki, ramani za kompyuta: zote zina mafunzo. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao makuu hapa Mombasa hufanya kazi hadi Ziwa Turkana. Wazee wetu walisafiri kwa kaskazi na kusi kwa sababu kuna waliozichunguza pepo hizo mwaka baada ya mwaka. Kazi ni ile ile.