Msumari wa Mang'ola na lori la vitunguu

Ukishuka kutoka Karatu mjini hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwa wahunzi wa Kidatoga utasikia nyundo kabla hujaona moto. Mivukuto ya ngozi inapuliza mkaa, na pembeni vimerundikwa vyuma chakavu: kufuli zilizokufa, koki za maji, sufuria zilizotoboka, misumari. Kufuli na koki huyeyushwa zikawa bangili. Msumari hufuliwa ukawa kigumba cha mshale, nao Wahadzabe hukichukua kwa asali.

Mhunzi niliyemtazama aliuacha msumari motoni mpaka ukaiva rangi ya chungwa, akaulaza kwenye fuawe, akaupiga mara sita au saba. Ulipoanza kufifia akaurudisha motoni. Hana kipimajoto, anasoma rangi.

Chuma ni kigeugeu. Kikiwa baridi, atomi zake hukaa kwenye pembe za mchemraba, na moja katikati. Kikipita nyuzijoto 912, zinajipanga upya: pembeni, na moja katikati ya kila uso. Kwenye 1,394 hurudia mpangilio wa kwanza, na kwenye 1,538 chuma huyeyuka. Kazi ya fani yangu ni kuiuliza kompyuta, bila mkaa wala nyundo, mpangilio upi utasimama.

Njia ilifunguliwa mwaka 1964, Pierre Hohenberg na Walter Kohn walipothibitisha kwamba huhitaji kuifuatilia kila elektroni. Inatosha kujua zimesongamana kiasi gani kila mahali. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham wakatoa milinganyo inayokokotoleka, na mwaka 1998 Kohn akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Unaipa programu mahali atomi zilipo, inakurudishia nishati. Ugumu uko kwenye tofauti. Atomi moja ya chuma ina nishati ya zaidi ya elektronivolti 34,000, ilhali mipangilio miwili inayoshindana hutofautiana kwa takriban 0.1 tu. Ni sawa na kupima lori la tani 10 la vitunguu vya Mang'ola, ukashusha kitunguu kimoja kidogo, ukalipima tena ili ujue uzito wa hicho kimoja.

Hata hivyo, nishati peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi huteleza. Chukua alumini ya sufuria, ambayo kwa kawaida hupanga atomi zake kwenye nyuso. Iamuru kompyuta iipange kama chuma baridi: itatii, itakupa namba, na itakuonyesha kwamba hakuna atomi inayosukumwa upande wowote. Utadhani mambo shwari. Sasa uvute huo mchemraba asilimia 1 kwenda juu, uubane ubavuni ili ujazo usibadilike, ukokotoe upya. Nishati inashuka! Kumbe ni kama mpira uliotua juu kabisa ya ukingo wa Ngorongoro: umetulia, lakini ukiguswa tu utaporomoka, ama kuelekea Karatu, ama mita 600 hivi hadi sakafu ya kreta. Kinachosimama ni kile kilichoko chini, ambako kila msukumo ni mlima.

Max Born aliliweka hilo kwenye hesabu mwaka 1940. Fuwele ya mchemraba ina mitihani mitatu: kuitanua pande zote, kuivuta upande mmoja huku ukiibana mwingine, na kuilaza mshazari kama karata zilizosukumwa. Yote mitatu lazima igharimu nishati. Ikifeli mmoja tu, haisimami.

Ule mvuto wa kwenda juu una historia yake. Mwaka 1924 Edgar Bain, Mmarekani, alionyesha kwamba kisanduku cha atomi kikirefushwa kutoka uwiano wa 1 hadi 1.41 kati ya kimo na kitako, mpangilio mmoja unageuka kuwa mwingine. Ndiyo siri ya kisu kilichofuliwa kutoka springi ya gari. Springi ina kaboni nyingi kuliko msumari. Ikichovywa majini ikiwa nyekundu, atomi hurudi njia ya Bain ghafla, kaboni inanaswa katikati, kisanduku kinabaki kirefu kidogo, na bapa linakuwa gumu. Msumari hauna kaboni ya kutosha, hata uuchovye mara kumi.

Anayetaka kujaribu anaweza. Programu ya Quantum ESPRESSO ni ya bure, na shule ya Afrika ya fani hii, ASESMA, ilifanyika Eldoret mwaka 2012. Kisanduku kidogo kabisa cha chuma baridi kina atomi moja, hivyo kompyuta ya mapajani inatosha. Ila anza na alumini. Chuma kina usumaku, na programu haiuhesabu mpaka uiagize. Ukisahau, mtihani wa pili wa Born utafeli, na kioo kitakuambia kwamba msumari ulio mkononi mwako hauwezi kuwapo.