Kasi, Ulaini na Uaminifu: Tatizo la Wakati katika Kuendesha Michezo ya Zamani ya Kompyuta kwenye Mifumo ya Kisasa

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kompyuta uliotungwa miaka 30 iliyopita haumfikii mtumiaji wa leo kwa namna ambavyo kitabu cha zamani humfikia msomaji wake. Kitabu kikihifadhiwa vizuri hufunguliwa na kusomwa. Mchezo hauna budi kutendwa upya na mashine kila unapochezwa, na mashine uliyokusudiwa mara nyingi haipo tena. Mwaka 2023, utafiti uliochapishwa na Video Game History Foundation ya Marekani ulibainisha kwamba takriban asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena kwa namna yoyote. Sehemu kubwa ya urithi huu inaendelea kuishi kwa sababu tu wapo watu wanaojua jinsi ya kuilazimisha nakala kuukuu ikubali mashine mpya.

Makala haya yanaeleza kinachotokea pale ulazimishaji huo unapofanyika. Suala linalopewa uzito ni wakati, yaani kasi ya tukio, mwendo wa picha na muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na skrini kujibu. Mijadala mingi ya kiufundi huishia kwenye swali la iwapo mchezo unafunguka. Hapa inachukuliwa kuwa kufunguka ni mwanzo tu, kwani mchezo unaweza kufunguka, ukaonekana mzuri kuliko ulivyokuwa, na bado usiwe mchezo uleule. Mifano imetolewa katika michezo ya DOS, pamoja na michache ya miaka ya mwanzo ya Windows.

2.0 Vizuizi vya mlangoni

Vizuizi vinavyofahamika zaidi havihusiani na wakati, hivyo vitatajwa kwa ufupi. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi programu za biti 16, na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haina toleo la biti 32. Matokeo yake huwashangaza wengi: upo mchezo wa biti 32 ambao ungeendeshwa bila shida, lakini programu ya kuusakinisha iliandikwa kwa biti 16, basi mlango unafungwa ilhali chumba kiko salama. Ulinzi wa diski za CD wa aina ya SafeDisc nao ulitegemea kiendeshi cha mfumo ambacho Microsoft ilikiacha katika Windows 10 mwaka 2015 kwa sababu za kiusalama, na diski halali zilizonunuliwa kwa fedha halali zikakoma kutambulika. Michezo iliyoandikwa kwa ajili ya kadi za picha za 3dfx pekee ilibaki yatima baada ya mali za kampuni hiyo kununuliwa na NVIDIA mwishoni mwa mwaka 2000. Leo huendeshwa kwa programu za ukalimani, kama vile nGlide na dgVoodoo, zinazopokea amri za kadi ya zamani na kuzieleza kwa lugha ya kadi mpya.

Vizuizi vya namna hii vina sifa moja njema, nayo ni kwamba vinajitangaza. Mchezo ukikataa kufunguka, hakuna anayedanganyika. Hitilafu za wakati si za tabia hiyo.

3.0 Mchezo uliokabidhi saa yake kwa prosesa

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda kwa megahezi 4.77. Kwa kuwa mashine za awali zilifanana kasi, baadhi ya watunzi wa programu hawakuona sababu ya kupima wakati. Walipotaka kitu kisubiri kidogo, waliandika kitanzi kinachohesabu bila kufanya kazi yoyote, na urefu wa kusubiri ukawa ni muda ambao prosesa ileile ilihitaji kumaliza kuhesabu. Ilipokuja IBM AT mwaka 1984 na prosesa ya 80286, hesabu ileile ilimalizika upesi zaidi. Watengenezaji wa kompyuta walijibu kwa kuweka kitufe kilichoitwa turbo, ambacho kazi yake ya kweli, kinyume cha jina lake, ilikuwa kumwezesha mtumiaji kuipunguza kasi mashine yake. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba tatizo hili lilianza mapema, wakati michezo yenyewe ingali mipya.

Utegemezi huu haukuwa kosa wakati wote. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, Tomohiro Nishikado aliona kwamba kadiri wavamizi walivyopungua kwenye skrini, mashine ilipata nafuu ya kuchora na waliosalia wakazidi kwenda mbio. Aliiacha hali hiyo ibaki. Hofu inayompanda mchezaji anapobaki na adui mmoja anayechapuka ilizaliwa na udhaifu wa kifaa. Anayeuendesha mchezo huo katika mashine isiyochoka, kisha akausawazisha mwendo wake, atakuwa ameondoa hofu hiyo pamoja na udhaifu.

Wing Commander ya kampuni ya Origin Systems, iliyotolewa mwaka 1990, ni mfano unaofaa kutazamwa kwa makini. Mapigano yake ya angani hayakuwekewa kikomo cha kasi, kwani mchezo ulichora fremu moja, ukasogeza vyombo, ukachora nyingine, kwa upesi ambao mashine iliuruhusu. Katika prosesa za miaka michache tu baadaye, chombo cha adui kilipita kabla mchezaji hajageuza usukani. Lakini hata katika mashine ya mwaka 1990 kasi haikuwa moja. Vyombo vingi vilipojaa skrini mapigano yalizorota, na anga ilipokuwa tupu yakaharakisha. Swali la kasi sahihi ya mchezo huu, basi, halina jibu la namba moja, na yeyote anayelitoa anachagua kwa niaba ya wengine. Toleo la Windows 95 lililotoka mwaka 1996 liliweka mwendo wa kudhibitiwa. Huo ulikuwa uchaguzi mzuri kwa mchezaji, ila ulikuwa uchaguzi.

Kisa cha Turbo Pascal kinaonyesha upande mwingine. Moduli yake iliyoitwa Crt ilikusudiwa hasa kumwepusha mtunzi na utegemezi wa kasi. Programu ilipoanza, moduli ilihesabu vitanzi vingapi vinakamilika ndani ya pigo moja la saa ya mfumo, ambalo ni takriban milisekunde 55, kisha ikagawa kwa 55 ili kupata idadi ya vitanzi kwa kila milisekunde. Kwa namba hiyo iliweza kusubiri kwa usahihi katika mashine yoyote. Hata hivyo, jibu la kugawa lilipaswa kuingia katika nafasi ya biti 16, ambayo haizidi 65,535. Mashine ilipoweza kukamilisha zaidi ya vitanzi milioni 3.6 kwa pigo moja, jibu halikuenea. Prosesa hutoa ishara ileile kwa jibu lisiloenea na kwa kugawa kwa sifuri, hivyo programu ilikufa kwa kosa nambari 200, lenye maana ya kugawa kwa sifuri, kabla ya kuonyesha picha yake ya kwanza. Jambo hilo lilianza kuonekana katika prosesa za takriban megahezi 200, sadfa ambayo bila shaka iliwapotosha wengi waliotafuta chanzo cha namba hiyo. Mtunzi aliyejitahidi kupima wakati aliadhibiwa vikali kuliko yule ambaye hakujali: mchezo wa huyu wa pili walau ulifunguka. Tiba yake ni ndogo, kwani inatosha kubadilisha baiti chache za moduli hiyo, na mantiki ya mchezo haiguswi.

4.0 Kuiga mashine nzima

Njia iliyoenea ya kuirudisha michezo ya DOS ni DOSBox, programu iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Huigiza prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti na DOS yenyewe ndani ya mfumo wa kisasa. Kasi yake hupangwa kwa kueleza ni amri ngapi za prosesa zitekelezwe katika kila milisekunde. Mtumiaji huanza na thamani ya kawaida, ambayo kwa michezo mingi ya zamani ni 3000, kisha hupandisha au kushusha hadi mwendo umridhishe.

Neno kumridhisha ndilo lenye mgogoro. DOSBox huhesabu kila amri kuwa sawa na nyingine, ilhali katika prosesa halisi za enzi hiyo amri ya kuzidisha ilichukua muda mrefu zaidi ya amri ya kujumlisha. Kwa hiyo namba moja inaweza kulingana na mashine ya kale kwa wastani, huku onyesho lenye kuzidisha kwingi likienda upesi kuliko ilivyokuwa. Programu kama PCem na 86Box huchukua njia ya pili. Huiga mashine mahususi na kukadiria muda wa kila amri, na gharama yake ni kuelemea kompyuta inayobeba uigaji huo. Kwa mchezaji wa jioni moja, DOSBox inatosha na kusaza. Kwa mtafiti anayetaka kusema jambo juu ya ugumu wa mchezo au juu ya hisia ya mwendo wake, haitoshi kusema kwamba mchezo uliendeshwa katika DOSBox, kama ambavyo mhakiki wa tenzi zilizonakiliwa kwa hati ya Kiarabu asingesema kwamba alisoma utenzi bila kutaja nakala.

5.0 Doom na uwezekano wa kupima

Doom ya id Software, ya mwaka 1993, inatoa fursa adimu. Mchezo huu haukukabidhi saa yake kwa prosesa. Mantiki yake husonga kwa mapigo 35 kwa sekunde, nusu ya mara 70 ambazo skrini ya VGA ilichora upya picha kwa sekunde katika hali ya pikseli 320 kwa 200. Kila fremu ya mchezo ilipata michoro miwili kamili ya skrini. Skrini nyingi za leo huchora mara 60 kwa sekunde, na 35 haigawi 60. Katika kila fremu saba, tano huonekana mara mbili na mbili huonekana mara moja. Jicho hutambua mkwaruzo huo hata pale ambapo mtazamaji hawezi kuueleza. Hivyo mashine yenye nguvu maelfu ya mara inaonyesha mwendo usio laini kuliko ule wa mashine iliyozeeka, na kuongeza nguvu hakusaidii chochote.

Msimbo chanzo wa Doom uliachiliwa mwaka 1997, na matoleo mengi yaliyojengwa juu yake hutatua tatizo hili kwa kukokotoa nafasi za kati. Mantiki hubaki kwenye mapigo 35, lakini vitu huchorwa mahali ambapo vingekuwa baina ya pigo na pigo. Mwendo huwa mwororo. Malipo yake ni kwamba ili kujua nafasi ya kati lazima pigo linalofuata liwe limekwisha kujulikana, kwa hiyo kinachoonekana huchelewa nyuma ya mantiki kwa muda unaoweza kufikia pigo moja, takriban milisekunde 29. Ulaini wa macho unanunuliwa kwa wepesi wa mkono.

Je, itajulikanaje kwamba mantiki yenyewe haikuguswa? Doom huweza kurekodi uchezaji, na rekodi hiyo si video. Ni mfuatano wa amri za mchezaji kwa kila pigo: kwenda mbele, kwenda pembeni, kugeuka, kubonyeza. Mambo mengine yote, pamoja na bahati nasibu inayotoka katika jedwali la namba 256 zisizobadilika, hukokotolewa upya wakati wa kurudia. Tofauti moja ndogo katika mantiki, hata kosa la asili lililosahihishwa kwa nia njema, huisogeza hesabu. Adui hufyatua mahali pengine, na mchezaji aliyerekodiwa huanza kuukabili ukuta, akipiga risasi hewani. Rekodi ya miaka ya 1990 ikifika mwisho wake bila kupotoka, kuna ushahidi wenye nguvu kwamba ulimwengu wa mchezo umebaki uleule. Chocolate Doom, toleo linalojitahidi kuhifadhi hata makosa ya mchezo wa asili, hupimwa kwa namna hiyo. Kipimo hiki kina mipaka: hakisemi lolote kuhusu kuchelewa kwa skrini wala mkwaruzo wa mwendo, kwa kuwa rekodi haijui kilichoonekana. Lakini kinatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya, yaani wakati wa mchezo na wakati wa picha, na kinaruhusu kusema kwa uhakika ni upi kati ya hizo umebadilishwa.

Umbo la picha nalo huingia hapa. Pikseli 320 kwa 200 zilijaza skrini ya uwiano wa 4 kwa 3, maana yake kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake kwa asilimia 20. Ikionyeshwa kwa pikseli za mraba, dunia yote hubonyea na kuwa fupi. Kurekebisha kikamilifu kunahitaji kukuza mara 5 kwa upana na mara 6 kwa urefu, yaani picha ya 1600 kwa 1200, ambayo haienei katika skrini ya kawaida yenye urefu wa pikseli 1080.

6.0 Kinachopaswa kuandikwa

Utafiti unaotumia mchezo wa zamani kama data unapaswa kutaja angalau toleo la mchezo, programu iliyouendesha na toleo lake, thamani ya kasi iliyowekwa, marudio ya skrini kwa sekunde, na iwapo nafasi za kati zilikokotolewa. Ni mistari mitatu katika sura ya mbinu. Bila mistari hiyo, dai kwamba mchezo fulani ni mgumu, au kwamba mwendo wake unamtia mchezaji wasiwasi, haliwezi kuhakikiwa na mtafiti mwingine. Tahadhari hii haihusu DOS peke yake: Skyrim ya mwaka 2011 hujulikana kwa vyombo vya mezani vinavyoruka ovyo pale fremu zinapozidi 60 kwa sekunde, na skrini za kuzidi idadi hiyo sasa ni za kawaida.

Kwa Doom, mistari hiyo inaweza kuambatanishwa na rekodi inayothibitisha. Kwa Wing Commander hakuna cha kuambatanisha. Zilizopo ni kompyuta za mwaka 1990 zilizosalia zikiwa bado zinawaka, kila moja ikiwa na kasi yake, na mtafiti atalazimika kutaja ni ipi kati yake aliyoifuata na kwa nini.