Ute Ndani ya Tairi: Unaziba Tundu Lipi?

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Bukoba na Muleba lipo swali linalogawa watu: je, inafaa kumimina dawa ya pancha ndani ya tairi kabla pancha yenyewe haijatokea? Jina hilo la dawa linaahidi kuponya, nami ningependelea tuiite ute mzibo, maana kazi yake ni kuziba na haiponyi kitu. Bei na chapa nawaachia wauzaji. La kuangalia ni namna ute unavyoziba, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha utatufaa wapi na utatuangusha wapi.

Ute wa kawaida ni maji yaliyochanganywa na glaikoli, ambayo huuzuia kukauka upesi, pamoja na nyuzi fupi na chembe za mpira. Pikipiki ikisimama, ute hutuama chini ya tairi. Ikishika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gurudumu la rimu ya inchi 17 huusukumia nje, upande wa mgongo unaokanyaga barabara, kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 60, ukatandazika humo mzunguko mzima. Msumari ukitoboa kisha ukachomoka, upepo unaokimbia huubeba ute hadi tunduni. Majimaji hupenya. Nyuzi zilizo ndefu kuliko upana wa tundu hukingama, chembe kubwa hunasa kwenye nyuzi, na ndogo hujaza mianya iliyosalia. Aliyewahi kuyatazama magugu maji, yanayoteremka na Mto Kagera hadi ziwani, ameshaliona jambo hili likitendeka wazi. Mtoni kwenye maji mapana yanapita bila kizuizi. Yapeleke kwenye kalavati jembamba: shina moja linalala kingamo, la pili linajishika kwa la kwanza, mizizi yake inanasa majani, majani yananasa tope, na kadiri maji yanavyosukuma ndivyo lundo linavyoshindiliwa. Mkondo unaotaka kupita ndio unaojijengea ukuta. Uzuri wa ute uko hapo hapo: presha ya tairi, ambayo ndiyo inayotorosha upepo, ndiyo hiyo hiyo inayokaza kizibo. Na udhaifu wake uko hapo pia, kwani tundu likiwa pana kuliko urefu wa nyuzi hakuna cha kukingama, na ute wote unatemwa barabarani.

Mkoa wa Kagera, zilipo Bukoba na Muleba, una sababu yake ya kuutamani ute huu. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mpira uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi kuliko mkavu, kwa sababu maji hulainisha njia ya ncha kali. Hapo ongeza misumari na vipande vya chuma ambavyo maji ya mvua huvikokota hadi barabarani. Kwa mwenye rimu za spoti na tairi la tyublesi, anayekwenda na kurudi kwenye lami kati ya Bukoba, Kemondo na Muleba, nasema bila kusita: autie. Pancha yake mara nyingi itakuwa ya msumari, mgongoni mwa tairi, mahali ambapo ute unasubiri.

Lakini pikipiki nyingi za kazi zina rimu za spoku na tyubu, na huko hesabu inabadilika. Tyubu ni mpira mwembamba uliovutwa, na tundu kwenye mpira uliovutwa hupenda kupanuka. Msumari ukibaki umekwama kwenye tairi, huendelea kuichana tyubu kila gurudumu linapozunguka. Zaidi ya hayo, pikipiki iliyopakia mikungu ya ndizi, gunia la kahawa au abiria wa mishikaki, ikiwa na upepo pungufu, hupata majeraha mengine kabisa: tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe, ncha ya spoku huitoboa kutoka ndani, au valvu huinama na kuchanika. Matundu hayo yako upande wa rimu au ubavuni, na mwendo umeshaupeleka ute upande wa pili. Mwenye pikipiki ya namna hiyo ataanzia kwenye geji ya upepo na mpira mzima wa kufunika vichwa vya spoku, kisha ndipo afikirie chupa ya ute.

Atasema mtu: usiku, kwenye kilima cha Kamachumu, fundi yuko mbali, si afadhali ute kuliko kusukuma pikipiki? Ni afadhali, na mwiba mdogo unaweza kuzibika hata kwenye tyubu. Ila dereva aliyezoea kuutegemea huacha kupima upepo, na tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata moto na kuibana tyubu ile ile anayodhani imelindwa. Wapo wanaoshuku kwamba mafundi pancha wanaulaumu ute ili wasikose wateja. Lakini malalamiko ya mafundi yana msingi: kiraka na solusheni vinahitaji mpira mkavu uliosuguliwa, na glaikoli haikauki upesi. Ute wa aina hiyo hutoka kwa maji. Mwambie fundi mapema kwamba umo, aweke valvu juu kabla ya kutoa upepo, kisha aoshe tyubu na kuikausha kabla hajashika msasa.