Nywila Zetu Katika Daftari la Saiba

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, vibanda vya saiba hapa Mikindani hufurika vijana. Baadhi yao huja kutafuta nafasi za vyuo katika tovuti ya KUCCPS, wengine kuomba mkopo wa HELB, na wengine kujisajili kwa KRA ili wapate nambari ya mlipa kodi. Hivi majuzi niliketi katika kibanda kimojawapo nikisubiri nakala zangu, nikashuhudia jambo lililonikosesha raha. Kijana aliyekuwa akihudumiwa hakuandika chochote yeye mwenyewe. Alisimama nyuma ya kiti akitamka kwa sauti mbele ya umati: majina yake matatu, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, nambari ya simu. Mhudumu ndiye aliyemfungulia barua pepe na ndiye aliyemchagulia nywila. Kisha akainakili nywila hiyo katika daftari lililokuwa wazi mezani, chini ya nywila za wenziwe, akasema, "Ukisahau, rudi utaipata hapa."

Sisemi kwamba mhudumu yule ni mwizi. Yamkini ni muungwana aliyechoka kusumbuliwa na vijana wasahaulifu. Ila daftari lile halina kufuli, na kibanda cha saiba hubadilisha wahudumu kila uchao. Atakayelirithi daftari atakuwa amerithi pia barua pepe za watu, maombi yao ya mikopo na kila akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hizo.

Ajabu ni kwamba sisi wa Pwani hatukungoja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 31 kinalinda haki ya faragha, ndipo tujue maana ya neno hilo. Nyumba ya Kiswahili ina baraza nje, ambako mpita njia yeyote huketi akanywa kahawa, na ina vyumba vya ndani ambavyo mgeni haingii hata akipiga hodi mara tatu. Mtoto hufahamu mapema mpaka ulipo. Katika simu na kompyuta mpaka huo hauonekani kwa macho, na ndiyo maana mtu mwenye haya, asiyeweza kutaja umri wake barazani, huitaja tarehe yake ya kuzaliwa kwa sauti kubwa mbele ya wageni kumi ndani ya saiba.

Walaghai wanaifahamu lugha yetu vyema kuliko tudhanivyo. Uchukue ujumbe ambao umewafikia Wakenya wengi: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Hauna jina la mtumaji wala kiasi cha fedha. Mwanafunzi wa isimu atagundua kwamba nguvu yake yote imo katika kionyeshi "ile". Kionyeshi hiki, kinapotumiwa namna hii, hudokeza kwamba msemaji na msikilizaji tayari wanakijua kinachozungumzwa. Mzazi ambaye asubuhi hiyo ameahidi kutuma karo huijaza "ile" kwa karo; mwenye deni la kodi ya nyumba huijaza kwa kodi. Mlaghai hakuhitaji kujua lolote, kwani msomaji amemkamilishia sentensi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya uzamifu, niliwahi kukaribia kuutii ujumbe huo kwa kuwa ulinijia siku niliyokuwa nikidaiwa na fundi.

Huo ni ulaghai wa kubahatisha. Ulio hatari zaidi ni wa mtu anayekupigia akikuita kwa majina yako kamili, akakusomea nambari ya kitambulisho, kisha akaomba jambo moja tu lililobaki: nambari ya siri. Mwenye maelezo hayo aweza pia kujaribu kuhamishia laini yako katika kadi nyingine, na laini ikihama, fedha zilizomo hufuata. Anayapata wapi? Si lazima yatoke kwa mjuzi wa mitambo. Tunayaandika wenyewe katika vitabu vya wageni kwenye milango ya majengo, ambavyo kila anayekuja baada yetu huvisoma. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walipotazama rekodi za msajili wa vyama vya kisiasa walijikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu alikuwa amezitumia nambari zao za vitambulisho bila idhini.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Tunatuma katika kundi la WhatsApp la wazazi orodha nzima ya darasa, yenye majina, nambari za mtihani na alama za kila mtoto, hata za yule aliyeshika mkia. Tunapamba matangazo ya shule kwa picha za wanafunzi bila kumwuliza mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mnamo Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Kiasi hicho chaweza kujenga madarasa.

Sheria hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinatumiwaje, kutaka zisahihishwe, na kutaka zilizo za uongo zifutwe. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaolijua hilo? Insha ya "Manufaa ya Tarakilishi" nimeisoma mara nyingi mno, lakini sijakutana na somo linalomfundisha mtahiniwa kuunda nywila ndefu ya maneno manne yasiyohusiana, ambayo Kiswahili kingempa bila taabu, wala kumwambia asiitumie nywila moja kwa barua pepe na benki.

Siku ile kijana alipokwisha kulipa, nilimwomba aketi tena. Nilimwonyesha mahali pa kubadilisha nywila, nikageuka kutazama mlango mpaka alipomaliza. Mhudumu, bila kinyongo, alichukua kalamu akaufuta ule mstari katika daftari lake. Iliyokuwa juu yake ilibaki.