Picha ya familia Kamakis: mpe mama kazi ya kufanya, usimwambie acheke

Marehemu babangu alikuwa mtu wa mzaha. Barazani kwetu Kibokoni watu walikuwa wakimngoja atoke Alasiri wapate kucheka. Lakini wajukuu waliozaliwa baada ya yeye kufariki hawamjui hivyo. Picha yake iliyoko ukutani ni ya studio: mikono juu ya magoti, shingo imekazwa, macho kama ya mtu anayengoja hukumu. Mpwa wangu mdogo huiita "picha ya babu mkali."

Maneno hayo yalinirudia Agosti iliyopita tulipompeleka mama kwa dadangu, anayeishi Ruiru upande wa Kamakis. Binti ya dadangu alikuwa ameona picha za binamu zake walioko Kanada, wamesimama chini ya miti yenye majani ya manjano na mekundu, majira ya majani kupukutika. "Mjomba," akaniambia, "na sisi tupige kama hizi."

Ndugu msomaji, Kamakis haina majira hayo. Ukimtajia mtu Kamakis, atakwambia habari ya nyama choma na magari ya Eastern Bypass. Lakini nilipozitazama vizuri picha za Kanada, niliona kuwa uzuri wake haukuwa wa majani peke yake. Mwanga ulikuwa mpole, na watu walikuwa wakitembea na kuzungumza, si kusimama kama askari wa gwaride. Hayo mawili hata sisi tunayaweza.

Tuanze na mwanga. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani picha nzuri inataka jua kali. Si kweli. Jua la saa saba mchana liko juu ya utosi. Nyusi hutia kivuli machoni, pua hutia kivuli mdomoni, na kila mtu hukunja uso. Huko Kiambu, Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi, na mara nyingi mawingu hutanda siku nzima. Wengi huona siku kama hiyo imeharibika. Kwa picha za nyuso, ndiyo siku yenyewe. Wingu hufanya kazi ya pazia jeupe dirishani: linatawanya mwanga, vivuli vinalainika, na watu wanafungua macho bila kujilazimisha. La kuangalia ni kutoingiza mbingu nyingi ndani ya picha, maana hutoka nyeupe tupu.

Likitoka jua, ngoja. Swalini Alasiri, na kufikia saa kumi na moja muwe mmeshafika mahali penyewe. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huteremka wima na kwa haraka, kwa hivyo ule mwanga wa rangi ya dhahabu haukai zaidi ya saa moja hivi kabla ya Magharibi. Wenzetu wa nchi za kaskazini huupata kwa muda mrefu zaidi. Msiwasimamishe watu wakilitazama jua. Liwe ubavuni au nyuma yao.

Kisha mahali. Pembeni mwa barabara kuna mabango, vumbi na moshi wa nyama. Ukiingia ndani kidogo utakuta viwanja vyenye nyasi zilizokauka zikawa manjano, na safu za miti mirefu. Mwombeni ruhusa mwenye kiwanja kabla ya kuingia. Watu wasiegemee miti. Wasogee mbele hatua nne au tano, ili miti ya nyuma ififie na nyuso zibaki wazi. Nyasi zile, kwa mwanga wa jioni, zilimtosha mpwa wangu badala ya majani ya Kanada.

Mavazi nayo yana hesabu yake kwa familia kama zetu. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, kisha hujaribu kuuweka katikati. Ikiona mabuibui meusi mengi, hudhani kuna giza na kuongeza mwanga: nyuso zinapauka na kanzu nyeupe hupoteza mikunjo yake yote. Ikiona kanzu nyingi, hufanya kinyume, na nyuso zinakuwa nyeusi tititi. Dawa ni kupima kwa uso. Ukitumia simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha shusha mwanga kidogo mpaka mikunjo ya kanzu ionekane. Mitandio na leso za rangi tulivu husaidia pia. Si lazima wote mvae sare.

Sasa lile gumu: kuwafanya watu wawe kama walivyo. Wazee wetu hawakukaza shingo kwa sababu hawakujua kucheka. Katika studio za zamani, kama ile ya Parekh iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1942, au Capital Art Studio ya Unguja iliyoanzishwa 1930, mafundi walikuwa hodari na picha zao nyingi hupendeza hadi leo. Lakini filamu ilikuwa pesa. Mtu akitikisika, picha imepotea. Kwa hivyo waliambiwa watulie, na sisi tukarithi kule kutulia. Leo simu au kamera hupiga picha mia bila kuongeza gharama, lakini bado tunapanga watu mstari na kuwaamrisha wacheke.

Mama ana magoti. Kumsimamisha kwenye nyasi kungemchosha, na uso wa mtu anayeumwa hauchekeshwi kwa amri. Tulimwekea kiti, tukamfunika mabega kwa shuka kwa ajili ya baridi, tukampa chupa ya chai ya tangawizi na kikapu cha mahamri awagawie wajukuu. Mikono ikapata kazi. Shingo ikalegea yenyewe. Watoto wakamzunguka bila kupangwa, kwa sababu mahamri yalikuwa kwake. Mpiga picha alichutama hadi kimo cha macho yake, akawa anapiga bila kusema neno.

Kisha nikamuuliza mama baba alisema nini siku alipokuja kuposa. Alianza kwa hasira za uongo, katikati ya maneno akacheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kati ya picha zote za jioni ile, ndiyo tuliyoichagua.

Kabla ya hapo tulikuwa na funzo chungu. Idi moja tulimlipa mpiga picha mwingine, naye akamng'arisha mama kwa programu mpaka akauliza, "Huyu ni nani?" Mikunjo ya uso ilifutwa, rangi yake ikafutwa. Juu ya hayo, picha zikatiwa mtandaoni bila sisi kuulizwa. Mama si mtu wa kuonyeshwa kwa wasiomjua, na aliumia.

Kwa hivyo patana mapema, na kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp tu: bei, idadi ya picha, kutobadilisha rangi ya ngozi wala uso, na kutozitoa kwa mtu yeyote bila idhini. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi. Si utovu wa adabu kumwambia hayo mpiga picha. Aliye mweledi atakuelewa.

La mwisho, chapisheni. Simu huibwa, huanguka majini, hujaa. Picha ya karatasi hubaki ukutani ikimngoja mjukuu ambaye bado hajazaliwa.

Ile ya mama tumeitundika Kibokoni, kando ya ya baba. Mpwa wangu mdogo alizitazama zote mbili, akamuuliza bibi yake kama babu naye alikuwa akicheka hivyo. Mama akamkalisha karibu naye, akaanza kumhadithia habari za posa.