Kwa Nini Miche Yetu Inakufa Ndani ya Kopo?

Wenye daftari wafungue ukurasa mpya, waandike juu kabisa neno hili: MICHE. Mmea mmoja mchanga ni mche. Ikiwa miwili au zaidi ni miche.

Wengi wenu mmepanda mbegu za nyanya ndani ya makopo na kuyaweka nyumbani. Mmefanya vyema. Nje kuna kuku, kuna mbuzi wa jirani, na kuna mvua ya masika inayofukua mbegu kabla hazijashika. Na anayeishi mjini katika chumba cha kupanga hana kitalu kingine ila dirisha lake. Lakini nyumba si shamba. Ndani ya nyumba jua ni haba, upepo ni haba, na maji yakiingia ndani ya kopo hayana njia ya kwenda tusipoyafanyia njia.

Darasa moja lilichanga fedha, likanunua pakiti ya mbegu chotara. Mnajua bei yake: pakiti ni ndogo kama kiganja cha mtoto, na fedha yake yaweza kulisha nyumba siku kadhaa. Mbegu ziliota vizuri, kila mtu akafurahi. Siku ya 12 nusu ya miche ililala chini. Wanadarasa wakauliza: tutie dawa gani?

Swali hilo limekuja mapema mno. Mtoto akilia usiku, mama hamnyweshi dawa ya kwanza anayoishika gizani. Anawasha taa, anamgusa paji la uso, anamtazama tumbo. Mche nao hutazamwa hivyo hivyo. Leo tutajifunza kuutazama, kwa sababu mahali ulipougulia ndipo panapotuambia sababu.

Kwanza, mche mzima ukoje? Nyanya huota kwa siku 5 hadi 10 ikiwa kuna joto la kutosha. Hutoka na majani mawili membamba, laini, yasiyo na meno pembeni. Hayo ni majani ya mbegu. Ndani yake mmefungwa chakula cha safari, na mche hukitumia mpaka uote majani ya kweli, yenye meno na harufu ya nyanya. Baadaye yale mawili ya kwanza hugeuka manjano na kuanguka. Msishtuke. Kazi yake imekwisha.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, maana naamini kopo la maji limeua miche mingi kuliko wadudu wote. Mizizi hupumua. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Ukimwaga maji asubuhi, adhuhuri na jioni, nafasi zote hujaa maji, hewa hutoka, na mizizi hukosa pumzi. Mizizi iliyokosa pumzi haiwezi hata kunywa maji iliyozama ndani yake. Basi majani yanalegea. Mwenye mche anayaona yamelegea, anasema, "Maskini, una kiu," naye anaongeza maji! Mche unazidi kulegea, naye anazidi kuongeza. Hivyo mche hufa mikononi mwa mtu anayeupenda.

Utajuaje kama ni kiu au ni mafuriko? Usitazame udongo wa juu peke yake, kwa kuwa juu hukauka upesi wakati chini bado ni tope. Choma kidole katika udongo, pembeni ya kopo, mpaka kiungo cha kwanza. Kikitoka na udongo wenye unyevu, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia. Njia nyingine ni kuliinua kopo. Kopo lililokunywa ni zito, kopo lenye kiu ni jepesi, na baada ya siku tatu mkono wako utajua tofauti bila kufikiri. Kisha geuza kopo utazame chini yake. Lina matundu? Kama hayapo, chukua msumari utoboe matano au sita leo leo.

Mwagilia asubuhi, ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Jioni maji hukaa juu ya udongo usiku kucha, na usiku huo ndio mali ya ugonjwa nitakaoutaja sasa.

(Hapa palipigwa muziki kwa dakika moja, ili wanafunzi wapate kugusa udongo wa makopo yao.)

Andikeni neno la pili: KINYAUSI. Tulisome kwa vipande: ki-nya-u-si.

Kinyausi ndio ugonjwa ulioliangusha lile darasa nililolitaja. Inama utazame shina pale linapotoka udongoni. Mche wenye kinyausi una shina lililolowa na kunywea pale pale, jembamba kama uzi, rangi ya kahawia. Juu majani yangali mabichi. Jana ulisimama, leo umelala. Kesho jirani yake atalala, na keshokutwa jirani wa jirani, mpaka pawe na kiraka kitupu katikati ya trei. Wanaofanya kazi hiyo ni vimelea wa jamii ya ukungu wasioonekana kwa macho, wanaokaa katika udongo. Wanapenda udongo uliolowa, miche iliyosongamana, na hewa isiyotembea.

Ndugu zangu, hakuna dawa itakayouinua mche uliokwisha kuanguka kwa kinyausi. Afadhali niseme hivyo wazi kuliko kuwaacha mkapoteze fedha dukani. Ung'oe pamoja na udongo uliouzunguka, uutupe mbali. Walio wazima watenge. Acha kumwagilia mpaka kidole kiseme udongo umekauka. Fungua dirisha, hewa ipite. Miche ikiwa imebanana, punguza kwa kukata dhaifu kwa mkasi; ukiing'oa utatikisa mizizi ya jirani zake.

Na mbegu zinazofuata zisiingie katika udongo ule ule. Chukua makopo matatu ya udongo wa juu wa msituni au wa chini ya miti, makopo mawili ya samadi iliyooza kabisa, na kopo moja la mchanga. Changanya. Tia katika karai, lowesha kidogo, funika, weka juu ya moto wa polepole. Dumbukiza kiazi kidogo katikati. Kiazi kikiiva, udongo umepata moto wa kutosha kuwaua wale vimelea. Ondoa, acha upoe kabisa, ndipo upande. Makopo nayo yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Najua wengine watacheka kwamba Ofisa Elimu anawafundisha kupika udongo. Wacheke, lakini wasile kile kiazi.

Lakini si kila mche ulioanguka una kinyausi. Kama shina limekatwa kama kwa wembe, na kichwa cha mche kimelala kando yake kikavu, huyo ni sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, anayekata usiku na kujificha mchana. Huenda alikuja nyumbani ndani ya udongo mliouchota shambani. Fukua kwa kijiti kuzunguka shina, utamkuta amejikunja kama pete. Mwue.

Tuendelee na mwanga. Mche ulio mrefu kama mkufu, mweupe shingoni, umeinamia dirishani, si mgonjwa. Unatafuta jua. Watu husifu, "Tazama ulivyokua upesi!" Kumbe unajinyoosha kwa dhiki, na shina lake halitabeba kitu. Usogeze karibu na dirisha au mlango, na kila siku uligeuze kopo kidogo ili usiiname upande mmoja. Usitoke nao gizani moja kwa moja ukauweke katika jua la saa saba mchana. Majani yataungua na kuwa na mabaka meupe. Siku ya kwanza upe saa moja ya jua la asubuhi, siku ya pili mbili, na kadhalika kwa siku 7 hadi 10. Na nyanya ina bahati ambayo mimea mingi haina: shina lake lililofukiwa huota mizizi. Kwa hiyo mche mrefu, ukiwa mzima, waweza kuupanda kwa kina siku ya kuuhamisha, ukaacha juu majani tu. Usitupe mche kwa sababu ya urefu wake.

Kuhusu rangi ya majani nitasema kwa ufupi. Majani ya chini yakigeuka manjano na ya juu ni ya kijani hafifu, mche una njaa. Chakula cha udongo kimekwisha. Ncha na kingo za majani zikiwa za kahawia, kavu kama karatasi iliyopitishwa motoni, mche umeshiba kupita kiasi. Mbolea ya dukani au samadi mbichi imeunguza mizizi. Huyu wa pili usimwongezee kitu, mpe maji safi yapite mpaka chini yatoke, kisha mwache. Upande wa chini wa majani ukiwa wa zambarau, mara nyingi ni baridi. Ndugu wa Njombe na Lushoto mnaona hayo mwezi Juni na Julai. Mizizi iliyo baridini haivuti fosforasi ijapokuwa imo udongoni. Ondoa kopo sakafuni usiku, liweke mahali penye joto.

Lipo jambo moja la majani ambalo halina subira. Majani machanga ya juu yakiwa madogo, yamejikunja kama kikombe, kingo zake manjano, pigapiga mche kwa mkono. Wakiruka vijidudu vyeupe kama majivu, hao ni inzi weupe, na wamekwisha kuuambukiza mche virusi. Hauponi. Ung'oe siku hiyo hiyo kabla hawajauhamia mche wa pili, na miche iliyobaki uifunike kwa chandarua chenye matundu madogo sana.

Sasa turudi kwa wale wanaouliza dawa. Makopo haya yako ndani ya nyumba. Watoto wanalala humo, unga umo, mtungi wa maji umo. Sumu ya wadudu ikipulizwa chumbani inaingia katika vyote hivyo. Na mtu atakayekuuzia sumu imeminywa katika chupa ya soda, bila karatasi, amekuuzia mauti bila jina. Mtoto huijua chupa ya soda kwa jambo moja tu. Chombo halali kina karatasi yenye maandishi na utepe wa rangi chini yake. Utepe mwekundu ni wa sumu kali kuliko zote. Kisha hufuata manjano, buluu, na kijani. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni jina la dawa, jina la mmea, kipimo, na siku za kungoja kabla ya kula. Neno likiwashinda, mpelekeeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata kabla ya kufungua kifuniko. Hali kadhalika pakiti ya mbegu: tafuteni lebo ya TOSCI, na someni tarehe. Mbegu iliyopitwa na wakati huota kwa uvivu, na mara nyingi mtu hulaumu udongo bure.

Kazi ya nyumbani ni hii. Pigeni mistari katika daftari mpate sehemu nne: tarehe, nimeona nini, nimefanya nini, na baada ya siku tatu imekuwaje. Andikeni kila asubuhi, hata kama ni maneno mawili, "udongo mbichi". Na mkibadili, badilini jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukipunguza maji, ukasogeza kopo, ukatia na mbolea siku moja, mche ukipona hutajua kilichouponya, na ukifa hutajua kilichouua.

Lile darasa la mbegu chotara limebakiwa na miche 40 na ushei. Wametoboa makopo yao, na wanangoja majani manne ya kweli. Juma lijalo tutajifunza kuhamisha miche kwenda shambani. Kila darasa lilete mche mmoja ndani ya kopo, kijiko, na maji kidogo. Kwaherini.